Petro alikuwa kabila gani?

Wiki ya Pasaka grupu letu la ukoo kule WhatsApp liliwaka moto na aliyewasha kiberiti ni mimi, nakiri. Kwa kawaida lile grupu ni la michango ya misiba na harusi, picha za watoto waliofaulu darasa la saba na zile meseji za maua za "asubuhi njema wapendwa". Sasa Ijumaa Kuu asubuhi baba mkubwa wangu, kwenye simu nimemsevu BM Zakayo, akatupia meseji ndefu ya kufowadiwa, inasema Wayahudi walimkataa Yesu ndo maana Mungu akawaacha akachukua Wakristo, na mitume walipoliona hilo wakaitupa dini ya Kiyahudi wakaanzisha kanisa. Amina zikaanza kupanga foleni.

Mimi nimesimama kwenye daladala, mkono mmoja kwenye bomba la juu mwingine kwenye simu, sijui nini kilinisukuma, nikaandika: "Shikamoo baba mkubwa. Samahani naomba kuuliza, Petro alikuwa kabila gani?"

Kimya. Unaona pale juu "anaandika" inatokea, inapotea, inatokea tena. Halafu: "Marahaba mwanangu. Petro alikuwa Mkristo."

Nikajibu baba mkubwa, Mkristo sio kabila. Hapo shangazi akaingia na "tuheshimu wakubwa jamani", binamu mmoja akatuma stika ya mtu anakula bisi, na mama mdogo ambaye ndo adimini akasema mada hii muipeleke inboksi, leo ni siku ya kufunga na kutulia. Nikanyamaza. Ila kitu kikanikaa kooni mpaka leo, na huku hakuna adimini, kwa hiyo kaeni vizuri.

Kwanza niseme mimi sio mchungaji wala sijasoma chuo cha teolojia. Nimebatizwa, nimepata kipaimara, na kazi yangu ni uhasibu, yaani nalipwa kusoma makaratasi ya watu nitafute wapi hesabu haibalansi. Na hii hesabu ya kwamba mitume waliacha Uyahudi wakahamia Ukristo haibalansi kabisa. Huhitaji hata kitabu cha Kizungu, chukua Biblia ile ile ya nyumbani yenye jalada lililochanika, soma Matendo ya Mitume kama unavyosoma leja, mstari kwa mstari, uone wanaenda wapi, wanakula nini, wanahesabu siku zao kwa kalenda gani.

Mfano sura ya 3 inaanza Petro na Yohana wanapanda kwenda hekaluni saa ya kusali, saa tisa. Hii ni baada ya kufufuka, baada ya kupaa, baada ya Pentekoste na watu elfu tatu kubatizwa. Na saa tisa ile haikuwa saa yoyote tu, ndo muda ambao makuhani walikuwa wanatoa sadaka ya mwanakondoo ya jioni, kila siku, na watu wanakusanyika kusali. Kwa hiyo hawa viongozi wawili wakubwa wa "kanisa" wanawahi ibada ya Kiyahudi hekaluni kama Wayahudi wengine wote. Na hapa Kiswahili kinatubeba jamani, maana Mzungu akikutana na saa ya tisa kwenye Biblia yake inabidi aelezwe kwamba ni alasiri, sisi saa tisa ni saa tisa, watoto wanatoka shule. Petro aliposema siku ile ya Pentekoste hawa watu hawajalewa maana ni saa tatu, mimi naelewa palepale, nani amelewa saa tatu asubuhi (msinijibu). Na Pentekoste yenyewe ni sikukuu ya Kiyahudi, siku ya hamsini baada ya Pasaka, ndo maana Yerusalemu ilikuwa imejaa wageni kutoka kila kona.

Neno Mkristo lenyewe limo mara 3 tu kwenye Agano Jipya lote, mbili kwenye Matendo na moja kwenye waraka wa kwanza wa Petro. Paulo kwenye barua zake hajalitumia hata mara moja. Matendo inasema watu walianza kuitwa hivyo Antiokia, Siria huko, na wao wenyewe walipenda kusema "Njia hii". Kwa hiyo baba mkubwa nikirudi kwenye lile swali, mwaka ambao Petro alikuwa anapanda zile ngazi za hekalu, hilo neno halikuwepo bado.

Halafu kuna ile ya Yafa. Petro yuko juu ya dari kwa Simoni mtengenezaji wa ngozi, njaa inamuuma, anaona shuka kubwa linashushwa lina wanyama wa kila aina, sauti inamwambia chinja ule. Anakataa, anasema hajawahi kula kitu najisi. Hajawahi! Miaka inaenda, kashahubiri, kashalala jela, kashaponya viwete, na mpaka hapo mdomo wake haujawahi kugusa nguruwe. Mtu aliyehama dini anaongea hivyo? Na alipofika kwa Kornelio, akida wa Kirumi, akaeleza mwenyewe alichoelewa, kwamba Mungu amemwonyesha asimwite MTU yeyote najisi. Alielewa anaambiwa kuhusu watu. Sisi tuliosoma baadae ndo tukaona anaambiwa kuhusu kitimoto.

Sasa nije kwa mtu wangu, ambaye kwenye yale mahubiri yote niliyokaa tangu Sunday skuli sijawahi kusikia akipewa hata nusu saa. Yakobo. Sio mwana wa Zebedayo, yule aliuawa mapema kwa upanga na Herode. Namaanisha Yakobo ndugu yake Bwana. Petro anapotoka jela kwa muujiza sura ya 12 anasema nini? Mpeni Yakobo habari hizi. Paulo anapotaja nguzo za Yerusalemu anamweka Yakobo wa kwanza, halafu Kefa (ndo Petro huyohuyo), halafu Yohana. Kwenye ule mkutano mkubwa wa Yerusalemu, kama mwaka 49 hivi, Petro anaongea, Paulo na Barnaba wanaongea, halafu anayefunga kikao na kutoa uamuzi ni Yakobo. Mwenyekiti ni yeye, hakuna ubishi.

Wazungu wengi hata hawajui jina lake. Kwa Kiingereza huyu anaitwa James. Na yule mzee wa Mwanzo, baba wa makabila kumi na mawili, anaitwa Jacob. Ni jina moja! Kigiriki kiliandika Iakobos, likapita Kilatini likapita Kifaransa likafika Uingereza limevaa suti hakuna anayelitambua. Kwa hiyo Mwingereza anasoma barua ya James na haimjii kabisa kwamba huyu mtu ameitwa jina la Israeli mwenyewe. Sisi tumepewa Yakobo huku na Yakobo kule, waliotafsiri hawakutuficha kitu, ni sisi tu hatuangalii. (Na ukikutana na mtu anaitwa James Jacob ujue wazazi wamembatiza Yakobo Yakobo.) Yuda vivyo hivyo, Kiingereza kina Judah, Judas na Jude kama watu wa koo tatu tofauti, Kiswahili kina Yuda basi, na hilo ndo jina ambalo neno Wayahudi limetokea. Na Pasaka je? Kutoka sura ya 12 damu kwenye miimo ya milango, tunasema Pasaka. Jumapili tunayovaa nguo mpya na kula pilau, tunasema Pasaka. Neno moja, hata hatujaliona.

Turudi kwenye ule mkutano maana hapo ndo pana utamu. Sisi leo tukijadili tunauliza, inawezekana Myahudi akamwamini Yesu? Wao swali lao lilikuwa kinyume kabisa. Kwamba Myahudi anaweza, hilo nani aliuliza, waliokuwa wanaongea chumbani wote ni Wayahudi. Swali lilikuwa hawa watu wa mataifa, hawa Wagiriki na Wasiria wanaokula chochote na wametoka kwenye sanamu jana, tuwaingizeje? Watahiriwe kwanza wawe Wayahudi au wabaki walivyo? Yaani ajenda ya kikao tulikuwa sisi. Watu kama baba mkubwa na mimi na ukoo wetu wote ndo tulikuwa tunajadiliwa tukiwa nje ya mlango.

Na uamuzi wa Yakobo ukiusoma ni wa Kiyahudi mpaka kwenye mfupa. Wasitahiriwe, ila waepuke vilivyotolewa kwa sanamu, uasherati, damu na nyama zilizosongolewa, yaani kibudu. Haya mambo hajayatoa hewani, yanafanana sana na yale ya Walawi sura ya 17 na 18 ambayo mgeni anayekaa katikati ya Israeli alitakiwa kuyashika. Anatupa kanuni za mgeni nyumbani kwa watu. Sisi tuliokulia mitaa ya mchanganyiko tunalielewa hili kuliko profesa wa Ulaya, maana tunajua ukitaka jirani Mwislamu ale kwenye sherehe yako nani achinje ni jambo la kupanga mapema, na hakuna anayekuambia ubadili dini, ila kama unataka sahani moja kuna vitu unaviheshimu.

Ndo hapo ule ugomvi wa Antiokia kwenye Wagalatia 2 unaeleweka. Petro alikuwa anakula na watu wa mataifa, wakaja watu kutoka kwa Yakobo, akaanza kujitenga taratibu, hata Barnaba akamfuata, Paulo akamwakia mbele ya watu wote. Tumezoea kuhubiriwa hapo kwamba ni Ukristo unapambana na Uyahudi. Angalia waliopo ulingoni: Petro Myahudi, Barnaba Mlawi wa Kipro, wajumbe wa Yakobo Wayahudi, na Paulo mwenyewe mistari michache mbele anasema sisi ni Wayahudi kwa kuzaliwa. Ni Wayahudi watupu wanagombana kuhusu meza ya chakula, na hilo jambo mpaka leo hakuna Myahudi atakayeona ajabu.

Mtasema sawa, Petro na Yakobo tumekuelewa, ila Paulo? Paulo si ndo aliyevunja? Si alikuwa Sauli akaokoka akawa Paulo?

Hiyo ya Sauli kuwa Paulo nimeisikia kwenye mazishi, kwenye harusi, kwenye ubatizo, na haimo kwenye Biblia. Njia ya Dameski iko sura ya 9. Jina Paulo linatokea mara ya kwanza sura ya 13, miaka imeshapita, yuko Kipro anaongea na liwali anaitwa Sergio Paulo, na mwandishi anasema tu kwamba Sauli ndiye pia Paulo. Majina mawili, moja la nyumbani la kabila la Benyamini (mfalme Sauli alikuwa Mbenyamini), lingine la Kirumi la kuingilia maofisini. Nusu ya watu ninaowajua wana jina la kijijini na jina la kwenye kitambulisho, hakuna aliyeokoka katikati.

Halafu hesabu matendo yake. Timotheo, ambaye mama yake Eunike alikuwa Myahudi na baba Mgiriki, Paulo akamtahiri. Kenkrea akanyoa nywele kwa sababu ya nadhiri. Luka anapoandika safari zao anasema tuliondoka Filipi baada ya siku za mikate isiyotiwa chachu, tukakimbilia kuwahi Pentekoste Yerusalemu, na ile safari ya meli ya kwenda Rumi anasema bahari imeshakuwa hatari maana siku ya kufunga imeshapita, na huko kufunga ni Siku ya Upatanisho. Yaani hata hali ya hewa wanaipima kwa kalenda ya Kiyahudi. Mbele ya baraza sura ya 23 Paulo anapiga kelele mimi NI Farisayo mwana wa Farisayo. Ni, sio nilikuwa. Na Wakorintho wa pili anasema mara 5 alipigwa na Wayahudi viboko arobaini kasoro kimoja. Hiyo ilikuwa adhabu ya sinagogi, na sinagogi haliwezi kumchapa mtu ambaye sio wake, angeweza kusema mimi nimejitoa, nina uraia wa Kirumi, kwaherini. Hakusema. Mara 5 alilala akachapwa kwa sababu pale palikuwa kwao.

Ila ile iliyonifanya nishushe Biblia nikatembea chumbani ni Matendo 21. Kama mwaka 57. Paulo amefika Yerusalemu, anakwenda kumwona Yakobo, wazee wote wapo. Yakobo anamwambia ndugu unaona Wayahudi walioamini walivyo maelfu, na wote ni washika torati wa moto, na wamesikia eti wewe unawafundisha Wayahudi wa ughaibuni waache kutahiri watoto. Suluhisho? Tuna watu wanne wenye nadhiri, jitakase pamoja nao, uwalipie gharama zao wanyolewe, kila mtu ajue habari zile ni za uongo na wewe mwenyewe unashika torati. Na Paulo akakubali, kesho yake akaingia hekaluni.

Sasa mimi mhasibu nikaona neno gharama nikaenda kuangalia bei. Hesabu sura ya 6, nadhiri ya Mnadhiri inapoisha, kila mtu analeta mwanakondoo dume wa mwaka mmoja, kondoo jike wa mwaka mmoja, kondoo dume mkubwa, kikapu cha mikate na sadaka za unga na za kinywaji. Watu wanne hiyo ni kondoo 12. Na yule kondoo jike ni sadaka ya dhambi. Sadaka ya dhambi! Paulo wa Warumi, Paulo wa neema, Paulo ambaye kila mchungaji anamtumia kutuambia torati imekwisha, miaka kama 25 baada ya msalaba anakubali kulipia wanyama wa sadaka ya dhambi hekaluni, tena kwa ushauri wa askofu wake. Nimeuliza watumishi watatu tofauti, mmoja akaniambia Paulo alikosea, mmoja akasema alikuwa anawafurahisha watu, wa tatu akabadilisha mada akaniuliza kuhusu ahadi yangu ya ujenzi.

Kilichomponza siku hiyo hata sio kuvunja torati, ni tetesi kwamba amemwingiza Trofimo wa Efeso, mtu wa mataifa, ndani ya ukuta uliokatazwa. Lile katazo lipo mpaka leo, mwaka 1871 lilipatikana Yerusalemu jiwe la maandishi ya Kigiriki linaonya mgeni asivuke na atakayevuka kifo chake amejitakia, liko kwenye makumbusho ya Istanbul. Luka anasema waliomshika walikuwa wamemwona mjini na Trofimo wakadhani tu.

Yakobo yeye aliishia vibaya, na hii habari haiko kwenye Biblia, iko kwa Josephus, mwanahistoria Myahudi ambaye hakuwa mfuasi wa Yesu wala hana sababu ya kumpamba. Mwaka 62 liwali Festo alikufa na mrithi wake Albinus bado yuko njiani, kuhani mkuu Ananus, mtu mkali wa Masadukayo, akaona huu ndo upenyo. Akaitisha baraza, akamleta Yakobo "ndugu yake Yesu anayeitwa Kristo" na wengine, akawashtaki kuvunja torati, wakapigwa mawe. Sasa sikiliza kinachofuata. Josephus anasema wale watu wa mji waliojulikana kwa haki na kwa kuishika torati kwa makini, walichukizwa sana. Wakapeleka malalamiko kwa mfalme Agripa kwa siri, wengine wakamfuata Albinus njiani kumwambia Ananus hakuwa na mamlaka ya kuitisha baraza bila yeye. Ananus akavuliwa ukuhani mkuu akiwa na miezi 3 tu ofisini.

Soma tena. Kiongozi wa kanisa la kwanza duniani ameuawa, na waliomlilia mpaka kuhani mkuu akafukuzwa kazi ni Wayahudi wacha Mungu wa Yerusalemu. Mimi nimekaa kanisani miaka thelathini na kitu, Stefano namjua, sijawahi kuambiwa hii.

Kuna hadithi nyingine ya kifo hicho aliyoiandika Mkristo mmoja anaitwa Hegesippus karne ya pili, imetiwa chumvi zaidi, Yakobo anasukumwa kutoka kwenye kinara cha hekalu, lakini ndani yake kuna kitu kimoja nakipenda, anasema Yakobo alikuwa akipiga magoti hekaluni kuwaombea watu msamaha mpaka magoti yakawa sugu kama ya ngamia. Nikimfikiria namwona kama wale wazee wa msikitini wenye alama ya sijda kwenye paji la uso.

Baada yake akachaguliwa Simeoni mwana wa Klopa, wa ukoo uleule wa Yesu, naye akauawa wakati wa Trajan, kaisari wa Rumi. Eusebius, aliyeandika historia ya kanisa karne ya nne, ameorodhesha maaskofu wa Yerusalemu kutoka Yakobo mpaka vita ya kaisari Hadrian, na anasema wazi wote walikuwa Waebrania waliotahiriwa. Wako 15: Yakobo, Simeoni, Yusto, Zakayo, Tobia, Benyamini, Yohana, Mathia, Filipo, Seneka, Yusto mwingine, Lawi, Efre, Yusufu, Yuda. Wanaanza na Yakobo wanaishia na Yuda. Kuna watu wanasema orodha ni ndefu mno kwa miaka ile na inawezekana wengine walikuwa wazee wa baraza kwa wakati mmoja, sawa, mimi mwenyewe ningeuliza hiyo leja. Ila aliyeiandika hakuwa na hamu yoyote ya kuwapendelea Wayahudi.

Kilichokata ule uzi ni vita zaidi ya mafundisho. Mwaka 70 hekalu likachomwa. Halafu 132 mpaka 135 Wayahudi wakawaasi Warumi wakiongozwa na Bar Kokhba, Hadrian akaushinda, mji akaugeuza jina Aelia Capitolina, Wayahudi wakapigwa marufuku kukanyaga. Na marufuku haikuuliza kama unamwamini Yesu au humwamini, umetahiriwa toka. Askofu aliyefuata, wa 16, ni Marko, mtu wa mataifa. Kwa hiyo sio kwamba kanisa la Yakobo liliacha Uyahudi, lilifukuzwa mjini kwa sababu ya Uyahudi wake.

Huku nje kanisa la mataifa likawa limeshanenepa. Ignatius, askofu wa Antiokia, mwanzoni mwa karne ya pili anaandika ni upuuzi kumtaja Yesu Kristo na kuishi Kiyahudi, yaani Petro angesoma ile barua angeshangaa. Makanisa ya Asia, yaani upande wa Uturuki ya leo, yakaendelea kuadhimisha Pasaka tarehe 14 Nisani, mwezi wa kalenda ya Kiyahudi, pamoja na Wayahudi, Polycarp askofu wa Smirna akaenda Rumi kulijadili na askofu wa huko Anicetus hawakukubaliana ila waliachana kwa amani, kizazi kilichofuata Victor askofu wa Rumi akataka kuwatenga kabisa, na kwenye mkutano wa maaskofu kule Nikea 325 ikaamuliwa Pasaka isifuate hesabu ya Wayahudi. Hata hivyo mwaka 386 mhubiri Yohana Chrysostom bado anawafokea Wakristo wa Antiokia wanaojazana kwenye sinagogi siku za sikukuu, na maneno aliyoyatumia kuhusu Wayahudi siwezi kuyaweka hapa, mengine yalikuja kutumiwa na watu wabaya sana Ulaya karne nyingi baadae. Kanisa Katoliki mwaka 1965 kule Vatikani liliandika rasmi kwamba mitume, nguzo za kanisa, walizaliwa katika taifa la Wayahudi. 1965! Nyerere alikuwa ameshakuwa rais.

Simaanishi kwamba palikuwa na amani. Stefano aliuawa, Paulo mwenyewe aliwakimbiza watu kabla hajaitwa, na kwenye Injili kuna maneno makali ambayo baba mkubwa anaweza kunichapia hapa sasa hivi. Lakini wahenga walisema ndugu wakigombana shika jembe ukalime. Yale maneno makali yalisemwa na Wayahudi kwa Wayahudi, watoto wa nyumba moja wanagombania urithi wa baba. Sisi tulikuwa wageni, tumekaribishwa ndani kwa uamuzi wa Yakobo, wenye nyumba wamekufa vitani na wengine wamefukuzwa, tukabaki na barua zao tukaanza kusoma matusi yao kana kwamba tumeyatunga sisi.

(Na kabla mtu hajaniletea siasa za Mashariki ya Kati kwenye komenti, naongelea karne ya kwanza. Hiyo mada nyingine ina siku yake na inataka mtu jasiri kuliko mimi.)

Basi. Nilimtumia baba mkubwa sehemu ya haya inboksi, kama adimini alivyoagiza, bila ile ya kitimoto. Tiki mbili za bluu, kimya siku tatu. Nikajua nimeshavunja undugu. Juzi usiku saa nne simu ikaita, baba mkubwa, salamu ndefu, habari za kazi, mvua huku haijanyesha, ng'ombe mmoja kazaa, mpaka nikaanza kuogopa kuna msiba. Halafu akakohoa.

Inabidi mjue kwamba huyu mzee tangu anasoma shule ya msingi anataniwa kupanda mkuyu, ni mfupi kweli, na tangu Wakenya walipombandika Rais Ruto jina la Zakayo mtoza kodi, basi watoto wa mjini hawamwachi.

"Ile orodha yako ya maaskofu," akasema. "Huyo Zakayo alikuwa wa ngapi?"

"Wa nne baba mkubwa."

"Wa nne kutoka kwa Yakobo?"

"Ukimhesabu Yakobo mwenyewe, ndiyo."

Akakaa kimya kidogo, nasikia redio nyuma yake. "Itume kwenye grupu," akasema. "Hiyo orodha tu, hayo mengine acha."